Namba ya msitu: kutoka tepu ya Budongo hadi meza ya bajeti Kampala

Tarehe 21 Machi ikikaribia, Siku ya Misitu, namba mbili hurudi redioni bila kukosa: mwaka 1990 misitu ilifunika asilimia 24 ya Uganda, na mwaka 2015 ilibaki asilimia 9. Waziri huzitaja, mbunge huzitaja, na mwenye mradi huziweka kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi lake la fedha. Wachache huuliza: asilimia ya nini? Na msitu ni nini? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua nani alipwe, nani aondolewe hifadhini, na nchi idai imeokoa hewa ukaa kiasi gani.

Tuanze na hilo la kwanza. Kwa hekta, tunazungumzia kushuka kutoka takriban milioni 4.9 hadi milioni 1.83. Eneo lote la Uganda ni kilomita za mraba 241,000 na ushei, lakini ndani yake mna sehemu yetu ya Ziwa Viktoria, ya Albert na ya Edward, tena Kyoga nzima. Nchi kavu ni kama 200,000. Gawa hekta milioni 1.83 kwa nchi kavu, unapata 9. Gawa kwa eneo lote pamoja na maji, unapata 7.6. Hakuna mti uliokatwa kati ya hesabu ya kwanza na ya pili. Mwandishi akichukua asilimia ya mwaka mmoja iliyopigwa kwa nchi kavu, akailinganisha na ya mwaka mwingine iliyopigwa kwa eneo lote, ataandika maafa au muujiza ambao haukutokea. Ukisoma ripoti yoyote, tafuta hekta kwanza.

La pili lina uzito zaidi. Kwa hesabu za tabianchi, Uganda huita msitu eneo lisilopungua hekta 1, lenye miti ambayo vilele vyake vinafunika angalau asilimia 30 ya ardhi, na yenye uwezo wa kufikia urefu wa mita 4. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwa takwimu za dunia hutumia hekta 0.5, asilimia 10 na mita 5. Sogeza kiwango cha kivuli kutoka 30 hadi 10, na sehemu kubwa ya vichaka vya Acholi na Karamoja inaingia msituni kwa kalamu tu. Ndiyo maana ripoti mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana sana na zote zikawa zimepigwa kwa uaminifu. Angalia pia yale maneno "yenye uwezo wa kufikia". Shamba la misonobari lililopandwa mwezi uliopita, miche ikiwa haijafika gotini, kwa tafsiri hiyo ni msitu. Setelaiti haioni kitu pale. Hapo ndipo mabishano mengi kati ya mwenye ramani na mwenye sera huzaliwa, na kila mmoja humwona mwenzake mjinga.

Tepu, fimbo na mbawa za muhimbi

Ramani hutoa hekta. Kujua hekta moja ina kaboni kiasi gani, lazima mtu aingie msituni na tepu. Kazi kubwa ya namna hiyo nchini ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa utafiti wa kitaifa wa bayomasi, yaani uzito wa miti na mimea, na ploti zake, vile vipande vya kupimia, zilikuwa za mita 50 kwa 50, yaani robo hekta. Namba nyingi zinazotumika hadi leo zina mizizi huko.

Mti hupimwa unene kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko mpimaji husimama upande wa juu. Kifua cha nani, lakini? Ndiyo maana fimbo ya mita 1.3 hukatwa asubuhi kabla ya kuingia ploti. Mpimaji mfupi na mpimaji mrefu wakitumia vifua vyao, wanapima mti mmoja mahali pawili tofauti, na mti mwembamba juu ni mnene chini.

Tuone kosa hilo linagharimu nini. Fomula inayotumika sana kwa misitu ya tropiki ni ya Chave na wenzake, ya mwaka 2014: uzito mkavu wa mti juu ya ardhi, kwa kilo, ni 0.0673 mara (msongamano wa mbao × kipenyo × kipenyo × urefu) kipeo cha 0.976. Msongamano ni gramu kwa sentimita ya ujazo, kipenyo ni sentimita, urefu ni mita. Chukua mti wenye kipenyo cha sentimita 40, urefu mita 25, msongamano 0.6. Mabano yanatoa 24,000, na jibu ni karibu kilo 1,270. Zidisha kwa 0.47 upate kaboni, karibu kilo 596. Zidisha tena kwa 44, gawa kwa 12, upate hewa ukaa: tani 2.2 hivi. Sasa tepu ikikaa chini kidogo, au ikipita juu ya mtambaa uliouzunguka mti, isome 42 badala ya 40. Sentimita 2 tu. Uzito unapanda kwa asilimia 10, kwa sababu kipenyo kinajizidisha chenyewe. Mtambaa haukatwi, huinuliwa, tepu ikapitishwa chini yake.

Msitu wa Budongo, upande wa Masindi, una muhimbi wengi, mti wa mbao ngumu, na muhimbi mkubwa huota mbawa za mizizi zinazopanda shina. Ukipima mita 1.3 unapima mbawa, si shina. Panda ngazi, pima juu ya pale mbawa zinapokwisha, sentimita 30 hadi 50 kufuatana na mwongozo wa zoezi lenu, kisha andika kwenye fomu urefu halisi ulikopima. Usipouandika, atakayekuja miaka mitano baadaye atapima kwake, na mti utaonekana umekonda. Mti haukondi.

Urefu una shida yake. Klinomita, kifaa cha kupimia pembe, hutaka usimame mbali na mti kiasi cha urefu wake, na kwenye msitu mnene huko mbali huoni kilele. Watu husogea karibu, wanalenga tawi la pembeni wakidhani ndilo la juu, na mti wa mita 25 unakuwa wa 29. Afadhali kupima urefu wa miti michache kwa uangalifu, ukatengeneza uhusiano wa kipenyo na urefu wa msitu huo, kuliko kupima yote kwa kubahatisha.

Halafu kuna majina. Musizi, mti wa mbao laini, una msongamano wa kama 0.4, muhimbi unakaribia mara mbili yake. Kuuita mmoja kwa jina la mwingine ni kuongeza karibu mti mzima au kupunguza karibu nusu ya mti. Mtaja miti mzuri ni hazina kuliko GPS, lakini anataja kwa lugha yake. Kambi za upande wa Masindi huchanganya Wanyoro, Waalur, Walugbara na watu kutoka Kongo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Jina moja huweza kubeba miti mitatu. Andika jina kama lilivyotajwa, andika ni la lugha gani, chukua tawi lenye majani kwa mti usioujua. Usitafsiri papo hapo.

Na mteremko. Ramani huona nchi kutoka juu, kana kwamba imelazwa. Mita 50 ulizovuta kwa tepu kwenye mteremko wa nyuzi 20 huko Echuya ni mita 47 tu kwa jicho la ramani. Ili upate 50 za kweli unavuta 53.2. Ukisahau, ploti yako ni ndogo kwa asilimia 6 kuliko unavyodai, na kaboni ya kila hekta inashuka kwa kiasi hichohicho kwenye karatasi.

Kwa nini nimekaa sana hapa? Kwa sababu makosa ya kubahatisha hufutana: huyu kazidisha, yule kapunguza. Kosa la upande mmoja halifutani hata upime miti laki moja. Fimbo isiyo ya mita 1.3, mteremko uliosahauliwa, tepu iliyovutika kwa miaka mitatu ya mvua, hayo yote huelekea upande mmoja, yanapita kwenye jedwali la Entebbe na Kampala bila kuonekana, yanaishia kwenye ahadi ya nchi.

Ramani na zile pointi sita

Picha za setelaiti za Landsat zina vigae (pikseli) vya mita 30 kwa 30. Hekta moja ni vigae 11 hivi. Sentinel-2, ambayo ilianza kutoa picha mwaka 2015, ina vigae vya mita 10, kwa hiyo hekta ni vigae 100. Hatua kubwa, ila haifuti matatizo ya nchi hii. Kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi, miti hupukutisha majani na moto hupita. Picha ya Februari inaonyesha nchi iliyofyekwa, ya Agosti inaonyesha kijani tupu. Ukilinganisha Agosti ya mwaka mmoja na Februari ya mwaka mwingine, umetengeneza ukataji uliofanywa na jua. Magharibi kuna mawingu. Na picha za Landsat 7 baada ya tarehe 31 Mei 2003 zina mistari mitupu, kwa sababu kifaa chake kimoja kiliharibika na karibu asilimia 22 ya kila picha ikapotea. Anayetumia picha za miaka hiyo bila kujaza mapengo atapata misitu yenye michirizi.

Kijani nacho hudanganya. Miwa mirefu ya Hoima na Masindi, kahawa iliyo chini ya mituba, miti ya nguo za magome, huko Masaka, migomba iliyoshonana: kwa kompyuta vyote hujaribu kuwa msitu. Msitu wa Mabira una mforosadi wa karatasi, mti mgeni unaoenea haraka panapofunguka. Kutoka angani kilele kimefunga vizuri, ukiingia chini unakuta miti myembamba penye nafasi ya miti mikubwa iliyoondoka. Hekta haijapotea, kaboni imepotea. Uharibifu wa namna hii, wa polepole, ndio mgumu kuliko yote kupima. Nadhani ndio unaopuuzwa zaidi pia, maana hauna picha ya kutisha ya kuweka gazetini.

Kosa linalorudiwa na wataalamu wenyewe ni kuhesabu vigae na kutangaza. Ramani ikisema hekta 100,000 zimepotea, hiyo ni kauli ya ramani. Lazima uchague pointi kwa kura, uzikague moja moja kwenye picha kali au kwa miguu, kisha usahihishe eneo. Nitumie mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane. Ramani inagawa nchi: hekta 100,000 "zilizopotea" na hekta 900,000 "zilizobaki". Unakagua pointi 200 kwenye zilizopotea. 140 ni kweli, 60 ni makosa. Asilimia 70 ya 100,000 ni hekta 70,000. Unakagua pointi 300 kwenye zilizobaki. 6 kati yake kumbe zimekatwa. Sita ni kidogo, utasema. Lakini 6 kati ya 300 ni asilimia 2, na asilimia 2 ya 900,000 ni hekta 18,000. Makadirio sahihi ni 88,000, na kwa uhakika wa asilimia 95 ni kati ya hekta 72,000 na 104,000 hivi.

Ukichambua upana huo unatoka wapi, karibu wote unatoka kwenye zile pointi sita. Mkaguzi aliyechoka saa kumi jioni akikosea mbili tu, zikawa nane au nne, makadirio yanahama kwa hekta 6,000. Kwa hiyo pointi za upande "uliobaki", hasa pembezoni mwa misitu, hukaguliwa na watu wawili wasioonana, na wakitofautiana anaitwa wa tatu. Fedha za kuongeza pointi ziende huko, si kwenye eneo ambalo kila mtu anajua limefyekwa.

Namba inapoingia serikalini

Uganda iliwasilisha kwa Umoja wa Mataifa kiwango chake cha rejea cha misitu, kwa kipindi cha 2000 hadi 2015: takriban tani milioni 8 za hewa ukaa kwa mwaka zitokanazo na kumalizwa kwa misitu. Wakaguzi wa nje hukichambua kiwango kama hicho kabla hakijatumika. Maana yake ni rahisi kama mizani ya sokoni: nchi ikitaka kulipwa kwa kupunguza, lazima ionyeshe imeshuka chini ya hapo. Mpango huo wa kulipwa kwa kupunguza huitwa REDD+, na Watanzania waliutafutia jina la Kiswahili, MKUHUMI. Sisi tumebaki na herufi za Kizungu na ile alama ya kujumlisha ambayo kijijini haina maelezo.

Kiwango hicho kinatakiwa kilingane na orodha ya taifa ya gesijoto, na vyote viwili vilingane na ahadi ya nchi, ambayo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022 ilisema tutapunguza asilimia 24.7 chini ya mwenendo wa kawaida ifikapo 2030. Hapo mgongano hutokea. Anayetengeneza kiwango ana ramani zake na uzito wake wa kila hekta. Anayetengeneza orodha ya gesi anaweza kuwa ametumia namba za jumla za IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, ngazi ya kwanza, ambazo ni wastani wa bara zima. Ofisi zote ziko chini ya wizara moja au jirani yake, na bado namba mbili hutoka. Dawa haihitaji kompyuta kubwa: jedwali moja la uzito wa kila aina ya msitu, lenye tarehe na toleo, na marufuku ya kutumia lingine. Wataalamu huchukia kazi hii kwa sababu haichapishwi popote.

Jaribio la Hoima na Kibaale

Kupima ni jambo moja. Kujua sera gani inafanya kazi ni jambo lingine, na hapa Uganda ina ushahidi ambao nchi nyingi tajiri hazina. Kuanzia 2011 hadi 2013, vijiji 121 vya Hoima na Kibaale viligawanywa kwa kura: katika vijiji 60 wenye misitu waliahidiwa shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka wasipokata, na katika 61 hawakuahidiwa kitu. Mradi uliendeshwa na shirika la kuhifadhi sokwe, na utafiti ukaongozwa na Seema Jayachandran na wenzake, ukachapishwa mwaka 2017. Picha kali za setelaiti zilionyesha eneo la miti lilishuka kwa asilimia 4.2 kwenye vijiji vilivyolipwa, na kwa asilimia 9.1 kwenye visivyolipwa.

(Kwa wasio wa huku: Kibaale hii ni ya Bunyoro, yenye herufi a mbili, na tangu 2016 imezaa wilaya za Kagadi na Kakumiro. Kibale ya hifadhi ya sokwe ni nyingine, karibu na Fort Portal. Nimeona karatasi za sera zikizichanganya.)

Tazama kura ilifanya nini. Bila vijiji 61 vya kulinganisha, afisa angeona eneo limeshuka kwa asilimia 4.2 palipolipwa, akaandika kwamba mradi umeshindwa. Na kama angelinganisha wenye misitu waliojiunga na wasiojiunga, angeupamba mradi kupita kiasi, kwa sababu anayejiunga kwanza mara nyingi ni yule ambaye hakuwa na mpango wa kukata. Hela rahisi kwake. Kura huondoa mitego yote miwili.

Jambo linalosahaulika ni kwamba waliojiunga walikuwa asilimia 32 tu ya waliostahili. Ile 4.2 ni wastani wa kijiji kizima, waliojiunga na waliokataa. Kwa anayetunga sera, swali linalofuata ni wale asilimia 68. Mkataba ulitaka mtu aingize msitu wake wote, si kipande. Na Bunyoro, hasa zile "kaunti zilizopotea" zilizokuwa chini ya Buganda hadi kura ya maoni ya 1964 ilipozirudisha, karatasi yoyote inayotaja ardhi huibua kumbukumbu nzito. Wenye hati walikuwa mbali, wenye jembe hawakuwa na hati. Anayekuja na fomu yenye mahali pa kuweka dole gumba, akiwa na gari jeupe, lazima ajue anaingia kwenye historia hiyo. Mikataba ya namna hii isainiwe mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, isomwe kwa sauti kwa lugha ya mahali, na sentensi ya kwanza iseme ardhi inabaki ya nani.

Kingine ni thamani ya fedha. Shilingi 70,000 za wakati ule zilikuwa dola 28. Leo ni karibu dola 20. Anayenakili mradi kwa kiwango kilekile ananakili kitu kingine. Na jaribio lilidumu miaka miwili. Linatuambia malipo huchelewesha ukataji, halituambii msitu utakuwaje miaka kumi baada ya hela kukoma. Hoja hiyo haiui matokeo. Inaamua tu uandike nini kwenye karatasi ya sera: "kuchelewesha" au "kuzuia". Maneno hayo mawili yana bei tofauti kwenye soko la kaboni.

Mkaa

Mei 2023 Rais alitoa Amri ya Utendaji Namba 3, iliyopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini na kaskazini-mashariki. Huko miti ya shea na ya beyo, mti wa mbao ngumu, ilikuwa ikigeuzwa magunia ya Kampala. Sababu ya kuilinda ipo wazi: mshea huchukua miaka mingi kuanza kuzaa, na mafuta yake ni mapato ya akina mama. Lakini marufuku ya eneo moja, huku jiko la mjini likiwaka vilevile, hupimwa vibaya mno. Ukipima Gulu peke yake, utaona mafanikio. Lazima upime na wilaya ambazo lori lingeweza kugeukia, kabla na baada, la sivyo unapima umbali wa safari ya lori.

Kipimo chenyewe kina kasoro. Takwimu nyingi za mkaa ni magunia yaliyohesabiwa barabarani, kisha yakazidishwa kwa uzito wa kudhania. Gunia si kipimo. Kuna la kawaida, kuna lumbesa lenye kilemba cha nyasi, na mkaa wa muhimbi si mzito sawa na wa mti laini. Anayefanya utafiti wa barabarani abebe mizani ya kuning'iniza, apime gunia moja kati ya kila kumi, aandike unyevu na aina ya mti kama mwenye mzigo anajua.

Kwenye tanuri ndipo sera ingepata faida ya haraka. Tanuri la kawaida la udongo likisimamiwa kwa uzembe hutoa kilo 15 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu, pengine chini ya hapo. Tanuri la Casamance, lenye bomba la moshi na hewa inayodhibitiwa, linaweza kufika 25. Kwa gunia la kilo 60, la kwanza linakula kilo 400 za kuni, la pili 240. Yanayoharibu ni yaleyale siku zote: kuni mbichi, magogo ya unene tofauti yaliyochanganywa, ufa usiozibwa usiku. Mchomaji asiye na haki ya kukaa pale wiki tatu kukausha kuni, kwa kuwa anaogopa doria, atachoma mbichi. Marufuku yenyewe huweza kushusha ufanisi wa tanuri, na hili sijaliona kwenye karatasi yoyote ya mezani.

Mezani

Matokeo mazuri yakifika mwezi wa Machi hayana pa kukaa. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Bunge hutakiwa kupata karatasi ya mfumo wa bajeti kabla ya 31 Desemba, makadirio yenyewe kabla ya 1 Aprili, na kuyapitisha kabla ya 31 Mei. Wizara hukusanya mahitaji yake Oktoba na Novemba. Ukitaka ramani yako ya uharibifu igeuke fungu la fedha za doria, iwe mezani Septemba. Tangu Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021, karatasi ya bajeti inatakiwa pia ithibitishwe kwamba imezingatia tabianchi, na hapo maafisa wa mipango hutafuta namba kwa hamu. Wasipopata yako watachukua ya zamani.

Usiandike "serikali inapaswa". Serikali ipi? Hifadhi kuu za misitu, 506, zina mwenyewe, NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, kwa sheria ya 2003. Hifadhi za taifa zina UWA, mamlaka ya wanyamapori. Hifadhi ndogo na misitu ya watu binafsi iko kwa afisa misitu wa wilaya, ambaye mara nyingi hana mafuta ya pikipiki. Pendekezo lisilotaja mmoja wao, na gharama kwa shilingi za kila robo mwaka, hurudi kabatini. Kurasa mbili zinatosha: hekta pamoja na upana wa makadirio, tafsiri ya msitu iliyotumika, gharama, nani afanye, na nini kitapimwa tena lini. Upana wa makadirio usifichwe kwa kuogopa kumchanganya waziri. Mwanasiasa anaelewa "kati ya 72,000 na 104,000" vizuri kabisa. Ndivyo anavyohesabu kura zake.

Hilo la kupima tena lina kazi yake ya mikono. Ploti alizoweka W. J. Eggeling Budongo miaka ya 1930 zilipimwa upya na Douglas Sheil miaka ya 1990, zikatoa habari ya jinsi msitu huo unavyobadilika ambayo hakuna setelaiti ingeweza kuitoa, kwa kuwa mahali pake palijulikana na kumbukumbu zilitunzwa. Leo nondo ya kona ya ploti haimalizi mwaka kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajaipata. Ifukie yote, ichukulie pembe ya dira na umbali kutoka miti mitatu mikubwa iliyo nje ya ploti, na uandike hayo kwenye fomu. Msumari wa namba ya mti usipigwe mahali pa kupimia, maana mti huvimba kuuzunguka. Uwe juu au chini yake kwa umbali ule ule kwa kila mti. Fomu za karatasi zipigwe picha jioni ileile kambini, nakala moja ibaki ofisi ya wilaya, nyingine chuoni Nyabyeya au Makerere, na ya tatu nje ya kompyuta ya mradi, kwa sababu mradi ukifungwa kompyuta hugawanywa.